Baba kwa Amri ya Tribinali

Nina watoto wanne. Watatu nimezaa na mke wangu. Wa nne nilipewa na tribinali, siku ya mvua, katika chumba chenye kioo cha dirisha kilichovunjika, na aliyenipa alikuwa jaji mwanamke mwenye mafua.

Naanzia hapo kwa sababu watu wa Katuba, nilikozaliwa, hupenda kuanzia kwingine wanaponizungumzia. Wao huanza na nyumba yangu ya Kasungami, kisima chake cha pampu, na gari. Sikatai. Nyumba ni yangu, kila tofali. Niliondoka hapa na begi moja, nikaenda Afrika Kusini, nikalinda magari ya watu kwenye maegesho jua na baridi, nikasoma sheria kwa lugha ambayo baba yangu hakuwahi kutamka neno lake hata moja, na siku ya kutoa diploma jina langu lilitangulia majina ya wenyeji wengi. Hakuna mjomba aliyenilipia ada. Hakuna padri aliyeniombea nafasi. Ninasema haya bila kuona haya. Aliyesaidiwa akashindwa ndiye anyamaze.

Niliporudi Lubumbashi nilidhani nitavaa joho jeusi la mawakili kabla ya msimu kwisha. Sikuvaa. Diploma ya nje lazima kwanza itambuliwe na wizara huko Kinshasa. Bila hivyo chama cha mawakili hakiwezi kukupokea hata kama mwanagenzi. Faili langu lilipanda ndege, na mpaka leo ninapoandika halijarudi. Nikafungua ofisi mjini, vyumba viwili, nikaanza kuandika mikataba ya wenye malori na wenye maghala. Mikataba yangu haina tundu. Inapofika mahakamani husomwa na mwenye joho, na mara nyingi nimeketi nyuma nikisikia sentensi zangu zikitoka katika kinywa cha kijana ambaye asingeweza kuziandika. Katika veranda ya tribinali wananiita Dokta. Si kwa heshima.

Basi nilikuwa nimezoea jambo hilo, kwamba Leta, yaani serikali, ndiyo husema nani ni wakili na nani si wakili, bila kujali kilicho kichwani mwa mtu. Hasira yangu ilikuwa imepoa, imekuwa kitu cha kubeba tu kama mwavuli. Nilichokuwa sijakijua bado ni jinsi Leta hiyohiyo inavyoingia hadi mkekani, inakuuliza mtoto huyu ni wa nani, na haitosheki na jibu la kweli.

Mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, alibaki katika nyumba ya wazazi Katuba. Sisi ni Wakatoliki wa kaskazini mwa Katanga. Babu alikuja kufanya kazi ya reli, baba akafanya ya mgodi. Mdogo wangu alikutana na mwanaume kutoka Kivu ya Kaskazini, dereva na mfanyabiashara, aliyekuwa akiendesha mojawapo ya malori ya kaka yake. Kaka huyo ana ghala la maharage, mafuta na sabuni, na anakaa Bel-Air. Shemeji yangu alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti. Alikuwa akiingia katika kiwanja chetu akipiga honi kama analeta bibi harusi, hata kama ameleta mkaa tu.

Familia yake ilikuja kutoa mahari. Walileta mbuzi, vitenge na shuka, wakakaa, wakala, wakaimba nyimbo zao za kanisa. Wazee wetu walipokea sehemu, sehemu nyingine wakaiacha makusudi. Kwetu mahari haipokelewi ikaisha. Wazee huacha kipande ili mkwe awe na sababu ya kurudi mlangoni. Ni adabu, si deni. Baada ya hapo kila mtu alimwita mdogo wangu mke wa fulani. Mtoto wa kike akazaliwa, akabatizwa parokiani, jina la baba yake likaandikwa kwenye kadi ya ubatizo kwa mwandiko mzuri wa sista. Watu wakarudi nyumbani kula wali.

Komini, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, hakwenda mtu. Hilo ndilo kosa letu, na ni kosa la watu wa aina yetu, sidhani kama kuna wengine wanaolifanya hivi. Tangu enzi za kambi za mgodi, kadi ya ubatizo ilifungua kila mlango tuliouhitaji: shule ya masista, dispensari, kwaya, hata kazi. Wazazi wetu waliitunza ndani ya Biblia, wakaamini kwamba aliyeandikwa na padri ameandikwa. Ndoa iliyofungwa nyumbani lazima itangazwe komini, mtoto lazima atangazwe komini. Mimi nilijifunza hayo nje ya nchi, wao hawakujifunza popote.

Kisha vita vya mashariki vikasogea karibu na kwao. Shemeji akaenda kumtoa mama yake. Mama alitoka, akaletwa mpaka Bel-Air akiwa amevimba miguu. Yeye alibaki nyuma kutafuta njia ya kulitoa lori. Alipiga simu mara moja, akasema anasubiri barabara ifunguliwe. Baada ya hapo simu ikawa inaita bila kupokelewa, na baadaye ikaacha hata kuita.

Mtoto alikuwa ameshaanza shule ulipotokea ugonjwa. Akicheza na wenzake alisimama ghafla, akachuchumaa katikati ya mchezo, midomo imekuwa ya zambarau, akingoja pumzi imrudie. Wenzake walifikiri ni mtindo wake, wakamwita Chura. Daktari alimsikiliza, akampiga picha, akasema kuna tundu moyoni na mshipa uliobanwa. Hapa hapafanyiki upasuaji huo. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, kulikuwa na timu ya madaktari waliokuwa wakipokea watoto kama yeye, na akatuombea nafasi, nafasi ikapatikana.

“Musichelewe,” alimwambia mdogo wangu. “Usingoje mpaka aanze kuzimia.”

Tulikwenda wote watatu kuomba pasipoti. Nilivaa suti. Mtu wa dirishani aliipokea kadi ya ubatizo, akaitazama pande zote mbili, akairudisha kwa kidole kimoja.

“Hiyi ni ya padri, maman. Shiye tunataka ya Leta. Na papa ya mutoto iko wapi? Akuye asinye, atie saini ya ruhusa.”

“Iko kwao, Kivu,” mdogo wangu akasema.

“Basi umungoje.”

Nilimweleza kwa Kifaransa safi kwamba mimi ni mwanasheria. Akaniambia wanasheria wamejaa hapo nje, wengine wanauza vocha.

Jioni hiyo nilikaa na mdogo wangu jikoni Katuba, nikamfungulia kitabu cha sheria ya familia. Sheria yetu ina sentensi ambayo sijaiona katika nchi nyingine niliyosoma: kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba. Ni sentensi nzuri. Nilipokuwa mwanafunzi niliwatambia wenzangu nayo, kwamba kwetu hakuna mtoto anayeachwa hewani. Sasa nililazimika kuisoma kama fundi anavyosoma mashine iliyomkata kidole. Baba aje mwenyewe atangaze mtoto wake, hayupo. Kama baba amekufa au hawezi kusema, ndugu yake aje atangaze badala yake. Na kama baba hawezi kabisa kujulikana, tribinali imteue mwanaume mwingine, ndugu wa mama, awe baba mbele ya sheria.

“Kuna njia ya kutangaza kwamba mume wako amepotea,” nikamwambia, “lakini ni ndefu, matangazo na kungoja. Mtoto hataimaliza.”

“Twende Bel-Air,” akasema. “Kaka yake atasinya. Ule anamupenda huyu mutoto.”

Kweli alimpenda. Tulipofika alimkalisha mtoto magotini, akampa biskuti pakiti nzima, akaniambia gharama zote za hospitali ni zake, nisijadili. Nikamwambia siombi pesa, hata mimi ninazo. Akacheka.

“Najua shemeji, tumesikia, uko na pampu.”

Ndipo nikamweka wazi kilichonileta. Alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza mtu anayemletea bei mpya.

“Kwenye karatasi banaandika nini?”

“Kwamba wewe ni kaka wa baba, na baba mwenyewe hawezi kuonyesha nia yake.”

“Hawezi, maana yake amekufa?”

“Amekufa, au hawezi.”

“Nani alimuona anakufa?”

“Hakuna.”

“Basi weye unataka mimi ndo nimuue? Na kalamu ya Bic?”

Nilimwambia hakuna anayemuua mtu, ni maneno ya sheria tu, yana maana pana. Nilieleza vizuri sana. Nikikumbuka leo naona sijawahi kueleza kifungu cha sheria vizuri namna ile. Alinyanyua mkono kunizuia, kwa sababu mama yake alikuwa akipita. Bibi yule alikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Aliiweka juu ya kabati, akatusalimia, akamshika mtoto shavu, akatoka.

“Kila siku anamuwekea mudogo yangu chakula,” akasema kwa sauti ya chini. “Kesho yake tunapatia mulinzi, anaweka ingine. Nikisinya, habari itafika kwa mama mbele nifike mimi. Atakaa chini, atalia matanga. Na kama mudogo yangu anaingia kesho na lori yake? Nitamuambia nini? Nilikuzika juu ya pasipoti?”

“Mtoto anaweza kufa,” nikasema.

“Munitafutie kitu ingine yote. Pesa, gari, ndege. Hiyi, hapana.”

Barabarani, tukirudi nyumbani, mdogo wangu aliniambia kwamba anamwelewa. Hilo lilinikasirisha kuliko kukataa kwenyewe.

Ikabaki njia ya tatu. Nilipomweleza kinachohitajika alinitazama kana kwamba nimemvua nguo.

“Niende niseme simujue papa ya mutoto wangu? Mbele ya bantu? Nilikuwa muke wa kila muntu?”

“Hakuna atakayefikiri hivyo. Ni maneno ya faili.”

“Yaya, kaka yangu, maneno yako itaisha hapa jikoni. Ya faili itabakia.”

Mke wangu naye nilimweleza, maana baba wa kisheria ni baba kweli: mtoto anakula kwake, anabeba jina lake, anarithi sawa na wengine. Aliuliza kama atagawana nyumba ya Kasungami na watoto wetu. Nikasema ndiyo. Akaendelea kukunja nguo kwa muda.

“Muandike,” akasema. “Mutoto hawezi kufwa juu ya kiwanja.”

Namshukuru. Nyumba niliyojenga kwa jasho langu, yeye aliigawa kwa sentensi moja wala hakuirudia tena.

Kilichomgeuza mdogo wangu hakikuwa hoja yangu. Mtoto alizimia shuleni, kwenye mstari wa bendera. Walimleta nyumbani mgongoni mwa mwalimu. Siku iliyofuata mdogo wangu alikuja ofisini kwangu akiwa na kitambaa kipya kichwani, akasema twende.

Katika veranda ya tribinali mawakili walikuwa wamejikinga mvua, majoho yao mikononi. Mmoja wao, kijana ninayemwandikia mikataba, aliniona.

“Dokta! Leo unavaa toge?”

“Leo nimekuja kuzaa,” nikamjibu.

Walicheka sana, nami nikacheka nao. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka siku hiyo.

Chumba kilikuwa kidogo, benchi nne. Mvua iliingia kwa kioo kilichovunjika, ikalowesha ukuta chini ya picha ya rais. Mimi sikuwa na haki ya kumsemea mdogo wangu. Kwa hilo faili langu lilikuwa bado Kinshasa. Nilikuwapo kama mtu anayependekezwa kuwa baba. Jaji alifuta pua, akaniuliza kazi yangu na uwezo wangu. Nilisimama wima. Nikataja diploma, nikataja ofisi, nyumba, kisima, wateja, na jinsi nilivyoanza bila kitu nikiwa…

“Inatosha, papa,” akasema. “Tunataka baba, hatutafuti gavana.”

Karani akainama kuficha meno. Nikakaa. Hata hivyo najua aliandika kila nilichotaja, na kama ningekuwa mtu wa hivihivi wasingenikubali upesi vile.

Ndipo nikamwona yule kaka wa Bel-Air. Alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa, kofia magotini. Hakuna aliyemwita. Alikuja kushuhudia kwa macho yake.

Jaji akamwita mdogo wangu. Mtoto alikuwa ameegemea ubavu wa mama yake, naye akasimama pamoja naye.

“Maman, unamujua baba wa huyu mutoto?”

Tulikuwa tumelifanyia mazoezi jibu hilo jikoni, mara nyingi, mpaka likawa halina ladha. Mdogo wangu alifungua kinywa.

“Namujua,” akasema.

Jaji aliweka kalamu chini. Nilitaka kusimama niseme. Nilikuwa na maneno, nilikuwa na kifungu, nilikuwa na kila kitu isipokuwa ruhusa.

“Nisikilize, maman,” jaji akasema, na sauti yake haikuwa kali. “Kama unamujua, umulete hapa. Ao umulete ndugu yake, aseme badala yake. Hii faili ni ya mutoto ambaye baba yake hawezi kujulikana. Siwezi kumupa baba wa pili mutoto mwenye baba. Nitakuuliza tena, kiisha ninafunga. Ndugu wa huyo mwanaume iko?”

Mdogo wangu aligeuka, akamtazama mtu wa benchi la nyuma. Chumba kizima kikageuka naye, hata karani. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Yule bwana alikuwa na neno moja tu la kusema, nalo lingemwokoa mdogo wangu asiseme la kwake. Alitazama kofia yake. Aliitazama kama mtu anayesoma kilichoandikwa ndani yake.

Mdogo wangu akarudi kumtazama jaji.

“Simujue,” akasema.

“Sauti, maman. Karani hasikii.”

“Simujue papa ya huyu mutoto.”

Mtoto aliinua uso akamtazama mama yake. Alikuwa na umri wa kuelewa. Jaji alianza kusema maneno ya hukumu huku karani akiandika, na niliposikia jina langu nilijua nimekuwa baba. Nilipogeuka, benchi la nyuma lilikuwa tupu.

Sitaficha kwamba nilipotoka nilijisikia nimeshinda. Kila mlango uliofungwa nilikuwa nimeupatia ufunguo, bila joho, bila mtu wa kunishika mkono Kinshasa. Pasipoti ilitoka. Mtu wa dirishani yuleyule aliniita papa. Kule Kasumbalesa, afisa wa mpaka aliinama kwenye kidirisha cha gari akamuuliza mtoto, “Huyu ni nani yako?” Sikuwa nimemfundisha. Alinitazama, akamtazama mama yake aliyekuwa amegeuza uso kuelekea malori, akajibu, “Papa.” Afisa akagonga muhuri.

Walimfungua kifua, wakaziba tundu, wakapanua mshipa. Siku alipoamka midomo yake ilikuwa ya rangi ambayo hatukuwahi kuiona kwake, na mdogo wangu alimgusa mdomo kwa kidole kama anayejaribu rangi ya ukuta. Tulirudi naye mzima. Nilifanya karamu Kasungami, nikachinja, nikasema maneno. Bel-Air hakuja mtu. Yule bibi, ambaye kila Jumapili alikuwa akimpigia mjukuu wake simu kumuuliza amekula nini, aliacha kupiga tangu juma la tribinali. Mdogo wangu alimpigia mwenyewe. Alijibiwa na binti wa kazi kwamba kikongwe amelala. Alilala hivyo kila alipopigiwa.

Habari ililetwa na mwanaume mmoja aliyetembea msituni akatokea upande wa pili wa vita. Alikuwa miongoni mwa waliomzika shemeji, pamoja na wengine, pembeni mwa barabara aliyokuwa akiisubiri ifunguliwe. Alikufa zamani. Siku zile tunabishana Bel-Air kama amekufa au hawezi, alikuwa tayari chini ya udongo. Kama kaka yake angesaini, angesaini jambo la kweli, na mdogo wangu aliposema hamjui alikuwa akimkana maiti.

Nilimpigia kaka yake kumpa pole, na kwa kuwa mimi ni mtu wa sheria nikamwambia kwamba jambo linaweza kurekebishwa. Tungerudi tribinali, nifutwe mimi, yeye aseme badala ya marehemu, na mtoto apate jina la baba yake. Nilisikia watu wakiimba nyuma yake.

“Shemeji,” akasema, “kule, siku ile, aliniangalia mimi, akasema hamujue. Bantu yote balisikia. Sasa mimi nirudi nimuambie jaji alidanganya?”

“Alisema kwa sababu wewe ulinyamaza.”

“Ninajua.” Akavuta pumzi. “Lakini mama hataki. Na mimi siko na nguvu ya kupingana na mama ndani ya matanga.”

Tulikwenda Bel-Air hivyohivyo, mdogo wangu, mtoto na mimi. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukuta hadi ukuta, viti vya plastiki vimepangwa, wanawake wa kwao wamekaa chini kwenye mikeka kumzunguka kikongwe. Mdogo wangu alikuwa amefunga kitenge cha msiba, amevua viatu langoni kama mjane anavyopaswa. Mwanamke mmoja mtu mzima alitoka kati ya wale wa mkekani, akaja mpaka getini, akasimama mbele yake.

“Maman, weye unamulilia nani hapa? Ulisema haumujue.”

Hakupiga kelele. Wala hakumsukuma. Alisimama tu njiani. Nilianza kusema na mdogo wangu akanigusa mkono.

“Yaya, acha. Yeye aingie,” akasema, akimsogeza mtoto kwangu. “Mimi nitabakia hapa.” Akavaa viatu vyake, akaenda kuegemea ukuta wa jirani, upande wenye jua.

Niliingia na mtoto. Watoto wa ukoo walikuwa wamekaa mbele, karibu na picha ya marehemu yenye utepe mweusi, akicheka ndani yake kama alivyozoea kucheka. Nilimwongoza huko. Kaka yake aliinuka akatupokea, akanipa mkono kwa mikono miwili, macho mekundu. Akamtazama mtoto kwa muda. Nilifikiri atambeba. Kikongwe alikuwa akitutazama kutoka mkekani.

“Karibu, shemeji,” akasema. “Mutoto wako akae na weye. Pale, kwa bageni.”

Tukaenda kukaa kwa wageni, kati ya wauzaji wa jumla na watu wa parokia yao. Aliyekuwa kando yangu alinisalimia, akaniuliza nilikuwa namjua vipi marehemu. Nikasema tulikuwa tunafanya kazi pamoja. Mtoto alikuwa akitazama picha.

“Tonton,” akaninong'oneza, maana nyumbani bado ananiita hivyo, yaani mjomba, “banalia ule papa?”

“Ndiyo. Wanamlilia papa yako.”

Alifikiri kidogo, miguu yake haijafika chini.

“Hapana,” akasema. “Papa ni weye. Mama alisema kwa jaji.”

Mbele yetu walianza wimbo mwingine, na watoto wa ukoo wakaitwa mmoja mmoja kuweka ua chini ya picha. Mimi niliyesomea sheria hadi diploma nilimshika mkono asije akasimama.